Swali waliloambiwa wasiulize: falsafa ya dini ilivyoanguka na ilivyorudi

(Haya ni maneno niliyoongea jioni ile hapa Mwanza, watu kadhaa wakaomba yaandikwe, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu marudio.)

Waheshimiwa mapadri, masheikh, wachungaji, walimu wenzangu, na nyie wanafunzi mliojazana huko mlangoni, shikamooni wakubwa, mambo vijana, na kwa wenyeji, mwadila.

Nimeombwa niongelee falsafa ya dini, na najua wengine mmekuja mkitegemea nithibitishe kwamba Mungu yupo na wengine mmekuja mkitegemea nithibitishe hayupo, sasa leo sifanyi lolote kati ya hayo mawili. Nataka niwape kisa cha swali lenyewe. Swali la kama Mungu yupo, na kama anayeamini ana sababu ya maana ya kuamini, lilifika mahali likafukuzwa kwenye vyuo vikubwa vya Ulaya, halafu likarudi, na namna lilivyofukuzwa ndo sehemu inayonigusa kuliko zote: halikufukuzwa kwa sababu limejibiwa, lilifukuzwa kwa kutungiwa sheria kwamba lisiulizwe kabisa. Na mi naona hata sisi huku ziwani tuna sheria kama hiyo, ila kwetu wametunga watu wengine, wanaosema wanamtetea Mungu. Nitafika huko.

Lakini kwanza nianzie hapa hapa ziwani maana kuna watu wanaamini kubishana kuhusu Mungu kwa hoja ni mambo ya wazungu. Sio kweli. Miaka ya 1840 wafanyabiashara Waislamu wa pwani walishafika Buganda, na inasimuliwa kwamba mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alimkabili Kabaka Suuna uso kwa uso siku watu wanauawa kwa amri yake, akamwambia hawa unaowaua ni viumbe wa Mungu, na huo ufalme wako kakupa Mungu huyo huyo. Suuna akamjibu kwamba ufalme wake kapewa na miungu yake mwenyewe. Jamani, angalia hapo, mtu mmoja anatoa hoja kwamba mamlaka ya mfalme yana mwenyewe juu yake, na mfalme hakwepi hoja, anajibu kwa hoja. Halafu akaja mwanae, Mutesa, na huyu ndo aligeuza baraza lake kuwa uwanja wa mjadala. Alexander Mackay wa Waanglikana alifika kwake 1878, mwaka uliofuata akafika padri Lourdel wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, masheikh walikuwa hapo siku nyingi, na mwisho wa 1879 hiyo hiyo akaletwa barazani mwakilishi wa Mukasa, yule mungu wa ziwa, aje kumtibu Kabaka, na Mackay akapinga waziwazi. Mutesa alikuwa na mahesabu yake ya kisiasa, hilo linajulikana, alipima nani ana faida gani kwake, lakini aliwauliza, akawapambanisha, akasikiliza. Na mwishoni mwa 1882 mapadri walipoona mambo magumu wakaondoka Buganda wakashuka kusini, wakajenga Bukumbi, hapo jirani yetu ambapo wengi wenu mmezaliwa hospitalini kwake.

Sasa mwaka huo huo wa 1882 huko Ujerumani mwanafalsafa Friedrich Nietzsche alichapisha maneno yake kwamba Mungu amekufa. Yaani wakati mapadri wanapakia mizigo kwenye mitumbwi wakivuka hili ziwa kumleta Mungu wao kwetu, huko walikotoka wasomi walishaanza kumzika. Mi jambo hili lilinikalia kichwani muda mrefu.

Ilifikaje huko? Nitakwenda haraka maana hii sehemu iko kwenye kila kitabu. Karne ya 18 Ulaya waliamini akili peke yake inaweza kumthibitisha Mungu, na Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1710 akaandika kwamba dunia hii pamoja na mabaya yake yote ndo bora kuliko dunia zote zinazowezekana. Halafu tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani, tetemeko likaipiga Lisbon, likaja wimbi, ukaja moto, wakafa maelfu kwa maelfu. Voltaire, mwandishi Mfaransa, akaligeukia wazo la Leibniz kwa hasira. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, akaandika mazungumzo ya watu watatu wakibishana kama ulimwengu unaonyesha una mtengenezaji, na akayaficha, yakatoka 1779 yeye akiwa ameshafariki miaka mitatu. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: hata tukikubali kuna aliyetengeneza, kutoka kwenye hii dunia ilivyo utajuaje kama ni mmoja au wengi, ni mwema au hajali? Miaka miwili baadaye Immanuel Kant akasema akili yetu haina uwezo wa kuvuka mipaka ya uzoefu ikamkamate Mungu, sio kumthibitisha wala kumkanusha, Mungu anabaki jambo la maadili na imani. Halafu 1859 akaja Charles Darwin na maelezo yake ya jinsi viumbe vinavyobadilika polepole bila fundi, na ile hoja kwamba jicho limeundwa vizuri hivi lazima kuna fundi, hoja ambayo William Paley aliiandika kwa ufasaha mkubwa 1802, ikapata mshindani mzito sana.

Lakini naomba mnielewe, hawa wote walikuwa wanabishana. Hume hakusema swali ni upuuzi, alitumia miaka mingi ya maisha yake kulitafakari. Kant hali kadhalika. Kukataa hoja ya mtu ni kumheshimu. Kifo chenyewe cha falsafa ya dini kilikuja karne ya 20, na kililetwa na watu waliokuwa wanaipenda sayansi sana, na mi siwalaumu kwa hilo.

Vienna, miaka ya 1920, kundi la wanasayansi na wanafalsafa walikutana mara kwa mara wakajiuliza ni sentensi gani ina maana na ipi ni kelele tu. Wakafika mahali pa kusema sentensi ina maana ikiwa ni kweli kwa mujibu wa maneno yake yenyewe, kama hesabu, au kama unaweza kuipima kwa macho na masikio. Kijana mmoja Mwingereza, A. J. Ayer, akaenda Vienna, akarudi, na mwaka 1936, umri wake miaka 25, akatoa kitabu kidogo chenye moto. Humo akasema "Mungu yupo" sio uongo. Ingekuwa uongo ingekuwa nafuu! Akasema haina maana, ni sauti tu. Na akawa mkweli kwenye hesabu zake, akasema basi na "Mungu hayupo" nayo haina maana, na anayesema sijui kama yupo au hayupo naye hasemi kitu. Wote watatu wanyamaze.

Ndo hiyo sheria niliyosema. Ona nguvu yake: huhitaji kumjibu Thomas Aquinas, yule mwanateolojia wa Wakatoliki, huhitaji kumsoma Ghazali, yule msomi wa Waislamu, huhitaji kukaa na mama aliyefiwa, unasema tu swali lako halipo. Na vijana wengi wa vyuoni Uingereza na Marekani waliambiwa hivyo, ukitaka kazi ya falsafa achana na hayo mambo, soma lojiki, soma lugha. Miaka ya 40 na ya 50 mtu aliyeandika kuhusu Mungu kwenye idara ya falsafa alionekana kapotea njia.

Mjadala wenyewe ukafanyika Oxford, ukachapishwa 1950, na mi naupenda kuliko vitabu vizito vingi, kwahiyo nitakaa hapa kidogo. Mwanafalsafa Antony Flew alichukua mfano wa mwenzie John Wisdom akautia makali. Watu wawili wapo msituni wanakuta uwazi wenye maua na magugu. Mmoja anasema kuna mtunza bustani anapalilia hapa. Mwingine anasema hakuna. Wanakesha, hawaoni mtu. Wanaweka uzio wa umeme, wanaleta mbwa wa kunusa, hakuna kelele, waya hautikisiki, mbwa hawabweki. Yule anayeamini anasema basi ni mtunza bustani asiyeonekana, asiyeshikika, asiyenusika, anakuja kwa siri. Mwenzie anachoka anamuuliza: huyo mtunza bustani wako ana tofauti gani na mtunza bustani asiyekuwepo? Flew akawageukia waamini akawauliza, kitu gani kikitokea mtakubali kwamba Mungu hawapendi, au hayupo?

Hilo ni swali zito na waamini wenzangu wengi wanalikimbia mpaka leo. Lakini palepale Basil Mitchell akamjibu, na jibu lake halisemwi sana. Akasema fikiria nchi iliyokaliwa na adui wakati wa vita. Mpiganaji mmoja wa upinzani anakutana usiku na mgeni, wanaongea usiku kucha, mgeni anamwambia mi niko upande wenu, niamini hata iweje. Asubuhi wanaachana. Baadae siku nyingine anaonekana akiwasaidia wapiganaji, siku nyingine anaonekana amevaa sare za polisi wa adui akiwakabidhi wenzetu. Yule mpiganaji anasema bado yuko upande wetu. Mitchell akasema huyu mpiganaji hajifanyi haoni. Anaona kabisa kwamba matukio yanapinga imani yake, yanamuuma, na akisema "hainihusu, najua tu" hapo amegeuka mjinga. Ila ana sababu ya kumwamini mgeni, ni ule usiku, na haitupi sababu hiyo kwa tukio la kwanza. Kuna mahali angepaswa kuitupa? Mitchell akasema hilo haliwezi kupangiwa mstari mapema.

Wanafunzi wangu wakisoma hapo huwa wanagawanyika nusu kwa nusu, na Waislamu na Wakristo wanajikuta wamechanganyikana pande zote mbili, jambo ambalo kwenye darasa la dini hulioni kabisa.

Basi, ile sheria ya Ayer ilikufa vipi? Kwa swali moja la mwanafunzi yeyote: hiyo kanuni yako kwamba sentensi yenye maana ni ya hesabu au ya kupimika, yenyewe ni ya hesabu? Hapana. Inapimika? Hapana. Walijaribu kuirekebisha mara nyingi, wakiibana inaua na sayansi yenyewe, wakiilegeza inaruhusu kila kitu. Ayer mwenyewe uzeeni alipoulizwa kwenye televisheni na Bryan Magee kasoro kubwa ya mafundisho yale ilikuwa nini alijibu kwamba karibu yote hayakuwa kweli. Namheshimu sana kwa jibu hilo, ni wasomi wachache wenye ujasiri huo.

Hapo mlango ukafunguka. Mwaka 1966 gazeti la Time la Marekani lilitoa jalada jeusi lenye herufi nyekundu, Je, Mungu amekufa? Mwaka unaofuata Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mmarekani ambaye baba yake alizaliwa Uholanzi, akatoa kitabu akisema hivi: huwezi kunithibitishia kwamba mtu aliye mbele yako ana akili na hisia kama wewe, unaona mwili tu, lakini unaamini na hakuna anayekuita mjinga, sasa kwanini imani kwa Mungu idaiwe ushahidi ambao imani nyingine za msingi hazidaiwi? Mwaka 1978 wanafalsafa Wakristo Marekani wakaunda chama chao. Mwaka 1979 Richard Swinburne wa Uingereza akaanza kupima uwepo wa Mungu kwa hesabu za uwezekano kama wanavyopima wanasayansi nadharia zao, mwaka huo huo William Lane Craig akaifufua hoja ya kalam, yaani ile elimu ya Kiislamu ya kujadili imani kwa hoja, na hapa masheikh wangu mtafurahi, hii ni hoja ya Abu Hamid al-Ghazali aliyefariki 1111: kila kilichoanza kuwepo kina kilichokisababisha, ulimwengu ulianza kuwepo, basi. Mhubiri wa Kimarekani anayeitumia leo kwenye mdahalo anatembea na hoja ya Muislamu wa Tus. Mwaka 1980 Time ile ile ikaandika kwamba Mungu anarudi, na kwamba anarudi kwa wanafalsafa, mahali ambapo hakuna aliyetegemea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo linaniuma, na kwetu sisi wa ziwa hili sio la vitabuni.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo tu kufika hapa, wakafa mamia ya watu, wengine wamezikwa Igoma pale, na hamna familia ya Kagera au Mwanza isiyokuwa na mtu wake au mtu wa jirani. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa zaidi ya 220, watu waliotoka sokoni na mizigo yao. Siku mbili baadae wazamiaji wakamtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya kile kivuko kilichopinduka, alikuwa amejibana mahali palipobaki na hewa. Nchi nzima ikasema Mungu mkubwa. Na mi nilisema. Lakini kuna swali liko pale pale na ni dhambi kulizomea: kama yule aliokolewa na Mungu, tuseme nini kuhusu wale wengine, ambao nao waliomba, pengine kwa sauti kubwa zaidi?

Mwaka 1955 J. L. Mackie aliliweka swali hili kwa ukali kabisa: Mungu ni muweza wa yote, Mungu ni mwema kabisa, na ubaya upo, haya matatu hayakai pamoja, lazima moja litoke. Plantinga akamjibu mwaka 1974, kwa kifupi inawezekana hata muweza wa yote asiweze kuumba viumbe huru kweli kweli ambao wakati huo huo amewahakikishia hawatatenda ubaya, kwasababu uhuru wa kuhakikishiwa sio uhuru. Jibu likakubalika kiasi kwamba Mackie mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwisho, 1982, alikiri tatizo hili halionyeshi kwamba mafundisho makuu ya imani yanajipinga yenyewe. Hili ni jambo la nadra sana kwenye falsafa, hoja kubwa kujibiwa mpaka mwenyewe anakubali.

Na kwa MV Bukoba jibu hilo linatosha kwa sehemu. Meli ilijaza watu kupita kiasi, aliyeruhusu iondoke hivyo ni mtu, na sisi tuna tabia mbaya ya kumsingizia Mungu kazi ya wanadamu. Mtu akisema pale msibani "ni mapenzi ya Mungu" namuelewa, anatafuta pa kuegemea, lakini kiongozi akisema hivyo huyo anajificha nyuma ya Mungu, na falsafa ya dini ikifundishwa vizuri itamnyima hiyo sehemu ya kujificha.

Lakini haitoshi kwa yote. William Rowe mwaka 1979 aliacha kudai kwamba kuna mkanganyiko, akasema tu fikiria mtoto wa paa msituni, radi imewasha moto, ameungua, anateseka siku kadhaa halafu anakufa, hakuna mtu aliyeona, hakuna aliyejifunza kitu. Uhuru wa nani umelindwa hapo? Mi sina jibu la Rowe linaloniridhisha. Nimesoma majibu mengi, kuna wanaosema sisi ni wadogo mno kuona sababu za Mungu, na ni kweli sisi ni wadogo, ila ukilitumia hilo kila mahali unamrudia mtunza bustani wa Flew. Kuna John Hick aliyesema dunia ni mahali pa kukuzia roho, na kuna watu nawajua mateso yaliwakuza, na kuna watoto hayakuwapa hata muda wa kukua.

Ninachoshikilia ni kile ambacho Kant aliandika 1791 akiwa mzee. Alipitia majaribio yote ya kumtetea Mungu kwa hoja, akasema yote yameshindwa, halafu akamsifu Ayubu. Ayubu, ambaye Waislamu mnamwita Nabii Ayub. Marafiki zake walikaa pembeni wanamtetea Mungu, wanamwambia umetenda dhambi ndo maana, wanasema maneno matamu kana kwamba wanasikilizwa na mwenye nguvu wanayetaka kumpendeza. Ayubu yeye alisema anavyoona, kwa uchungu, bila kupamba. Na Mungu mwisho wa kitabu anawakasirikia marafiki, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Kant akasema kilichompa Ayubu ushindi ni ukweli wa moyo. Sijui kama kuna mstari muhimu zaidi kwa mji wetu huu wenye makanisa na misikiti kila mtaa.

Kwasababu sheria yetu ya kutouliza ni hii: ukiuliza, imani yako ni ndogo. Mtoto anauliza kanisani au madrasa, anaambiwa usikufuru. Mama amepewa maji na mafuta na mtu anayejiita nabii, ameambiwa aache dawa zake, anauliza je nisipopona, anaambiwa hiyo ndo shaka na ndo itakayokuzuia kupona. Angalieni muundo wa hiyo hoja! Ukipona ni nabii, usipopona ni wewe. Hakuna kitu kinachoweza kutokea kikaonyesha nabii amekosea. Flew aliliona hilo 1950 kabla manabii wetu hawajazaliwa. Ndo maana nasema swali la Flew, ambaye wakati huo alikuwa hamwamini Mungu hata kidogo, ni ulinzi kwa muumini wa Igogo na Buhongwa kuliko mahubiri mengi. Na yeye mwenyewe, kwa taarifa yenu, mwaka 2004 akiwa na miaka 81 alitangaza kwamba amefikia kukubali kuna akili nyuma ya ulimwengu, ingawa hakujiunga na dini yoyote. Wakristo walishangilia, wasioamini wakasema mzee kachoka. Mi naona aliishi kwa kanuni aliyoitangaza ujanani, kufuata hoja inapokwenda.

Niseme pia upande mwingine, maana nisipousema nitakuwa nimewauzia kitu nusu. Huu ufufuo wa falsafa ya dini una ugonjwa. Uchunguzi wa 2009 wa wanafalsafa wa vyuo vikuu ulionyesha karibu asilimia 73 wanaelekea kutoamini Mungu, wanaoamini ni kama asilimia 15, lakini ukiwachukua waliobobea kwenye falsafa ya dini peke yao hesabu inageuka, wanaoamini ni zaidi ya asilimia 70. Kila upande una maelezo yake. Wengine wanasema waliolisoma jambo kwa undani ndo wamelielewa, wengine wanasema walioingia humo waliingia wakiwa waumini tayari. Mwaka 2010 Keith Parsons, mwalimu wa Kimarekani aliyeandika miaka mingi dhidi ya hoja za Mungu, alitangaza anaacha kufundisha somo hili maana haoni tena hoja za upande wa pili zikistahili kujibiwa. Na mwaka 2013 Paul Draper na Ryan Nichols wakaandika kwamba fani imejaa ushabiki, watu wanatetea badala ya kutafuta. Nadhani wana haki kiasi kikubwa. Ukifungua majarida yao "dini" maana yake karibu kila mara ni Ukristo, na Ukristo wa Kimagharibi.

Sisi je? Hapa kuna mjadala mzuri sana ulifanyika ng'ambo ya ziwa na umesahaulika. John Mbiti wa Kenya na Okot p'Bitek wa Uganda, wote wamezaliwa 1931, wote wamepita Makerere. Mbiti, padri wa Kianglikana, mwaka 1969 aliandika kwamba Waafrika tangu zamani walimjua Mungu mmoja, muumba, ajuaye yote, aliyepo kila mahali, akakusanya ushahidi kutoka makabila mamia. Wengi tulilelewa na wazo hilo bila kujua limetoka wapi. Okot akamjia juu: mnawavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kigiriki, hayo ya kujua yote na kuweza yote ni maswali ya Athens, mzee wa Acholi hakuwa na haja nayo, alitaka kujua kwanini mtoto anaumwa na afanye nini. Nani yuko sahihi? Mukasa na wenzake wa ziwa hili, je, walikuwa majina ya Mungu mmoja au kitu kingine kabisa? Hilo ni swali la falsafa ya dini, la kwetu, na linahitaji mtu anayejua Kisukuma, Kikerewe, Kihaya, akakaa na wazee waliobaki. Hakuna mtu wa Oxford atakayetufanyia.

Na mfano tunao wa jinsi linavyofanyika. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama upande ule wa Mara, mwaka 1970 alisimama mbele ya masista wa Maryknoll huko New York akawaambia tunafundishwa mtu kaumbwa kwa mfano wa Mungu, lakini mimi nakataa kufikiria Mungu aliye maskini, mjinga, mwoga, aliyekandamizwa, mnyonge, wakati hiyo ndo hali ya wengi wa wale aliowaumba kwa mfano wake. Ni hoja kamili hiyo. Anachukua fundisho la imani yake mwenyewe, analisimamisha mbele ya ukweli unaoonekana, halitupi, anadai kitu kutoka kwake: kwahiyo umaskini huu sio mpango wa Mungu na Kanisa likikaa kimya halina kazi. Alikuwa Mkatoliki aliyesali kila siku. Hakuna aliyemwambia imani yake ni ndogo.

Ombi langu kwa walimu wa seminari, wa madrasa, wa sekondari, ni moja tu: mpeni mwanafunzi swali la Flew na jibu la Mitchell kwa pamoja, saa moja, mkae pembeni, msimpe jibu. Yale mazungumzo ya 1950 ni mafupi, nimeyaweka kwa Kiswahili changu cha darasani na nimetoa fotokopi, ziko pale mezani karibu na dirisha, chukueni. Sasa maswali, na naona yule dada wa nyuma mkono uko juu tangu nilipotaja Ukara, tuanze na yeye.